Tunalinda Magofu ya Kilwa, Ndege wa Rondo Je?

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya majaribio na zile kazi za vikundi ambazo wanafanya wawili halafu wanasaini kumi. Leo sina umbea wa kampasi. Leo nina hoja, tena hoja ya kwetu kusini, na naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo. Chukua chai yako, kaa vizuri.

Hoja yenyewe ni hii. Sisi watu wa pwani ya kusini, kuanzia Kilwa mpaka Lindi, tumekalia mojawapo ya hadithi nzuri kabisa duniani ya jinsi ardhi inavyotengeneza viumbe. Lakini mwalimu akiingia darasani kufundisha mageuko ya viumbe anawapeleka watoto Galapagos, visiwa ambavyo yeye hajaviona na wao hawataviona. Na wakati anachora midomo ya ndege wa Darwin ubaoni, huko nje ya dirisha msitu wenye mfano bora zaidi unafyekwa ili upandwe ufuta. Kwa mtazamo wangu haya ni matatizo mawili yenye chanzo kimoja: hatujui tulicho nacho.

Tuanze na kitu ambacho wote tunakijua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, watu wakahangaika, kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Safi sana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na Husuni Kubwa ni ya karne hiyohiyo ya 14, kwa hiyo tunaongelea kama miaka 700. Kwa binadamu ni mingi. Kwa ndege wa msituni ni kama jana asubuhi.

Sasa naomba tushuke chini, tuanze na ardhi yenyewe.

Kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani mwa babu zetu mpaka bandarini Lindi, ikapanda meli kwenda Berlin. Kumbukeni ilikuwa miaka michache tu baada ya Majimaji. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, jina ambalo wengi wetu hatukulisikia shuleni. Mmoja wa wanyama wale, ambaye sasa anaitwa Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ile ina umri wa kama miaka milioni 150.

Nimeitaja Tendaguru kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndege ni uzao wa dinosaria, wale wa kundi la kutembea kwa miguu miwili. Kwa hiyo ukimwona kuku anaparura jalalani nyuma ya kantini yetu, unamwona ndugu wa mbali wa wale waliolala Tendaguru. Ya pili ni kwamba enzi hizo Madagaska ilikuwa imeanza kujitenga na upande huu wetu wa Afrika, na bahari ikawa inaingia katikati. Yaani pwani yetu ilizaliwa kwa kupasuka. Kabla ya hapo hapakuwa na Bahari ya Hindi ya kuleta mvua, wala ukungu, wala msitu wa pwani. Kila kitu nitakachosema huko mbele kinategemea ule mpasuko.

Haya, tuje Kilwa. Mtu yeyote aliyewahi kupita njia za vumbi za Kilwa wakati wa masika anaujua ule udongo wa mfinyanzi unaong'ang'ania kwenye kiatu mpaka unatembea kama umevaa matofali. Ule udongo ni dhahabu kwa wanajiolojia. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha watafiti kutoka nje wakishirikiana na shirika letu la mafuta, TPDC, akiwemo mtaalamu wetu Joyce Singano, walichoronga visima vya utafiti kati ya Kilwa na Lindi. Hawakuwa wanatafuta gesi. Walikuwa wanatafuta magamba ya viumbe vya baharini vya seli moja vinavyoitwa foraminifera, vidogo kama punje ya mchanga. Udongo ule wa mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo magamba yamebaki safi kama vioo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ukipima kemikali zilizomo ndani ya gamba, unajua maji ya bahari yalikuwa na joto gani siku kiumbe kile kilipokuwa hai.

Na yale magamba yanasema nini? Yanasema kwamba zamani za kale dunia ilikuwa ya joto na unyevu kuliko sasa, halafu kama miaka milioni 34 iliyopita hali ikabadilika kwa kasi. Dunia ikapoa, barafu ikaanza kujijenga kule Antaktika, na viumbe vingi vya baharini vikafa vikaisha. Sehemu hiyo ya historia ya dunia nzima inasomwa kwenye udongo wa Pande na Kilwa. Wanasayansi wanaisafiria kutoka Ulaya. Sisi tunaiita tope.

Mtaniuliza, tope la baharini na ndege wa msituni wapi na wapi? Subirini, hapo ndipo penyewe.

Dunia ilipokuwa ya joto na mvua nyingi, msitu mnene ulienea Afrika kutoka upande wa Kongo mpaka upande wetu wa pwani. Hakukuwa na pengo kubwa katikati. Dunia ilipopoa na kukauka, msitu ule ukaanza kukatika. Baadaye ardhi ya Afrika Mashariki ikainuka, Bonde la Ufa likafunguka, upepo wa mvua ukapata vizuizi, na katikati pakabaki nyika na mbuga. Msitu wa Kongo ukabaki huko, wa kwetu ukabaki huku, kila mmoja na viumbe wake.

Kuna ushahidi mzuri kutoka kwenye miti. Mnaijua familia ya mstafeli na mtopetope. Ndugu zao wa porini wako wengi kwenye misitu yetu ya mashariki na wengine wako Kongo na Kameruni. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha vinasaba vyao. Hesabu ni kama hivi: vinasaba hubadilika kidogokidogo kwa muda, kwa hiyo ukihesabu tofauti kati ya ndugu wawili unaweza kukadiria walitengana lini. Majibu yakaja mara tatu tofauti: kama miaka milioni 33, kama milioni 16, na kama milioni 8 iliyopita. Yaani msitu ulikatika, ukaungana tena, ukakatika tena. Na angalieni hiyo ya kwanza, milioni 33. Udongo wa Kilwa unasema dunia ilipoa milioni 34. Tarehe mbili kukaribiana peke yake haithibitishi kitu, hilo nakubali, lakini shahidi mmoja alikuwa chini ya bahari na mwingine yuko ndani ya jani la mti, na wanaelekea kusema jambo moja. Hakimu gani asingewasikiliza?

Kwa ndege mfano mtamu kuliko wote uko Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wakiwa kambini waliona kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Ndiyo, kwenye sufuria! Alikuwa aina ya kwale ambaye sayansi haikuwahi kumwandika. Akaja kupewa jina mwaka 1994, Xenoperdix. Alipochunguzwa vizuri ikaonekana ndugu zake wa karibu wako Asia, wale kwale wa misitu ya huko. Jamani, kwale wa Iringa ana ndugu Asia! Hakuogelea. Ukoo wake ulipita wakati kulikuwa na misitu ya kupitia, misitu ikafa nyuma yake, akabaki mlimani peke yake.

Sasa sikilizeni kwa makini, hasa ninyi mnaosoma Jiografia na Baiolojia kama mimi. Kuna jaribio ambalo bahari yenyewe ilitufanyia hapahapa pwani, na linaeleweka hata kwa mtoto wa darasa la tano.

Kama miaka 20,000 iliyopita, wakati wa barafu, maji mengi ya dunia yaliganda na bahari ikashuka kama mita 120. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja ikaungana na bara. Mafia nayo ikaungana. Songo Songo ungeweza kwenda kwa miguu. Lakini kati ya Pemba na bara kuna kina cha mita mia kadhaa, kinafika kama 800. Bahari ikishuka mita 120, Pemba bado kisiwa. Matokeo yake? Unguja haina hata spishi moja ya ndege ambayo ni yake peke yake. Pemba, kisiwa kidogo kuliko Unguja, inazo nne: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni. Tofauti kubwa kati ya visiwa hivi viwili ni kina cha maji. Ndege hakuchagua. Ardhi ndiyo iliyochagua.

Ukiwa na mfano kama huo, Galapagos ya nini? Sisemi Darwin asifundishwe, afundishwe sana. Lakini mwanafunzi wa Kilwa Masoko ambaye mjomba wake anavua Songo Songo anaweza kuuelewa mfano wa Pemba na Unguja kwa dakika kumi, tena akaenda kumweleza mjomba.

Turudi kwetu bara. Ukitoka pwani ya Lindi kwenda ndani unakutana na nyanda za juu zilizokatwakatwa na mabonde ya mito: Mavuji, Mbwemkuru, Lukuledi, mpaka Ruvuma. Mabondeni kuna joto na ukavu. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kama Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, baada ya hapo ni jua tu. Lakini ukipanda Rondo, ambako panafika kama mita 800 na ushee, hali ni nyingine. Mawingu ya bahari yanagusa, kuna ukungu, kuna unyevu hata wakati bondeni nyasi zimeshakuwa za kahawia. Pale msitu umeweza kuishi. Ni kisiwa kabisa, ila badala ya maji kimezungukwa na jua.

Na kwa ndege wa ndani ya msitu jua ni bahari kweli. Msidhani kwa kuwa ana mabawa basi anaenda popote. Ndege aliyezoea kivuli na kuokota wadudu kwenye majani yaliyooza havuki kirahisi hata shamba la mihogo. Mwewe anamwona, joto linamchosha, chakula hakipo. Kwa hiyo anabaki Rondo na watoto wake wanabaki Rondo. Miaka elfu kwa elfu, wimbo unabadilika kidogo, rangi inabadilika kidogo, na siku moja akikutana na binamu yake kutoka Usambara hawaelewani tena. Hivyo ndivyo spishi zinavyozaliwa.

Mnataka mfano? Kuna ndege wa kijani, mnene mnene, mdomo mkubwa, anayekula matunda ya msituni na kutoboa miti mikavu kutengeneza kiota. Vitabu vingine vya Kiswahili vinawaita ndege wa jamii yake zuwakulu. Huyu wa Rondo anafanana zaidi na wale walioko msitu wa Ngoye, huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Kutoka Rondo mpaka Ngoye ni zaidi ya kilomita 2,000. Wanafanana kiasi kwamba wataalamu wengi wanawaweka kundi moja dogo, na kati yao Msumbiji nzima imepita. Hakuna aliyewabeba kwenye basi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba zamani, vipindi vya mvua nyingi, kulikuwa na mnyororo wa misitu kwenye upande huu wa bara, halafu ukame ukaukata pete moja baada ya nyingine. Rondo na Ngoye ni pete zilizobaki.

Na jamaa wengine wa huyohuyo walikuwa mlima Thyolo kule Malawi. Msitu wa Thyolo umefyekwa karibu wote kwa ajili ya mashamba, na ndege amepoteza makao yake pale. Hilo halikuchukua miaka milioni. Limetokea ndani ya maisha ya watu ambao bado wapo. Kwa hiyo nikisema Rondo inaweza kwisha sikutishi nyau, natoa mfano wa jirani.

Mwingine ni yule ndege wa ardhini mwenye madoa meusi kifuani, jamii ya mkesha, ambaye kwenye orodha ya dunia yuko hatarini kutoweka. Huyu anazaliana Rondo. Na kila mwaka kama kuanzia Aprili mpaka Oktoba ndege wa aina yake wanaonekana pwani ya Kenya, mpaka ndani ya magofu ya Gede karibu na Malindi, na inaaminika wanatoka huku kwetu kusini. Mnaona mambo hayo? Watalii wanalipa kuona magofu ya Gede, juu ya magofu wanaonyeshwa ndege, na inaelekea ndege mwenyewe ni wa Lindi! Sisi tukifyeka huku, Gede kutakuwa kimya na hawatajua kwa nini.

Kuna na kale kandege kadogo keusi na keupe kanakoitwa batis. Mwaka 2006 watafiti watatu, mmoja wao Mtanzania Jacob Kiure, walionyesha kwamba batis wa milima yetu ya Tao la Mashariki waliodhaniwa ni spishi moja kumbe ni mbili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, na wa kusini ndiyo akapewa jina kwa mara ya kwanza. Walitumia vipimo vya mwili, nyimbo na vinasaba. Batis wa pwani ya Lindi na Mtwara aliandikwa tangu 1911 na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama ni spishi kamili au la. Mimi nafurahi hawajakubaliana. Maana yake kuna kazi, na sioni kwa nini kazi hiyo isifanywe na mtoto aliyezaliwa Mtama au Nangurukuru.

Sasa kuna watu watasema, mbona miaka yote hiyo ya ukame msitu uliokoka, si utaokoka na sisi? Hoja nzuri, nilishaisikia. Naijibu hivi. Ni kweli Afrika ilipitia ukame wa kutisha. Mwaka 2005 walichoronga chini ya Ziwa Nyasa, wakakuta kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kuna vipindi ziwa lilipoteza angalau asilimia 95 ya maji yake. Ziwa Nyasa lile! Lakini kwenye milima yetu inayoiangalia Bahari ya Hindi, chavua zilizokutwa kwenye kinamasi cha Deva-Deva huko Uluguru zinaonyesha kwamba kwa kama miaka 48,000 msitu haukuondoka, hata wakati wa baridi kali na ukame wa barafu. Sababu ni bahari. Bahari ya Hindi iliendelea kuwa ya joto na kuleta unyevu hata pale bara lilipokauka. Kwa hiyo msitu uliokoka kwa sababu palikuwa na mahali ambapo mvua haikukatika. Ukame haukupanda Rondo na shoka. Sisi tunapanda nalo, tena na kiberiti. Kile kilichokuwa kimbilio ndicho tunachokimaliza.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia zile kampeni za panda mti, piga picha. Sizipingi, na barabara za hapa kampasi zinahitaji kivuli. Ninachopinga ni ile hesabu ya kwamba ukikata mia na kupanda mia umelipa. Angalieni Rondo yenyewe. Enzi za mkoloni mivule ilivunwa sana, na sehemu ikapandwa misaji na misindano. Ukiangalia kutoka mbali ni kijani. Ukiingia ndani ni kimya. Msaji hauna matunda anayotaka yule ndege wa kijani, na chini ya misindano hakuna yale majani yenye wadudu anayofukua yule wa madoa. Umepanda miti, hukupanda msitu. Kitu kilichotengenezwa na kupasuka kwa bara, kupoa kwa dunia na ukame wa miaka elfu kwa elfu, huwezi kukirudisha na viriba vya miche wakati wa masika.

Naomba nieleweke, sitaki kuwa mtu wa kampasi anayewafokea wakulima kutoka kwenye kivuli cha hosteli. Wazazi wetu wengi ndio wakulima haohao. Ufuta ndio umetuleta chuo baadhi yetu, korosho ndiyo imelipa ada pale boom lilipochelewa. Mtu anayefyeka hafyeki kwa chuki na ndege. Anafyeka kwa sababu shamba la zamani limechoka na msitu una rutuba ya bure kwa misimu michache.

Na Kilwa kuna mfano kwamba msitu ukiwa wa kijiji kweli, kijiji kinaulinda. Vijiji kama Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha kuvuna mpingo kwa utaratibu, kupitia mradi ambao sasa unaitwa MCDI, na fedha za mbao zinabaki kijijini. Lakini tuwe wakweli, dawa hiyo inafaa miombo yenye mbao za thamani. Vile vipande vidogo vya msitu mnene wa pwani, vile vya juu ya vilima, mara nyingi havina mpingo wa kuuza. Vina ndege, vina mimea isiyopatikana kwingine, vina komba mdogo wa Rondo ambaye sayansi ilimwandika mwaka 1997 tu. Vitu hivyo havipandi mnadani. Kwa hiyo vinahitaji ulinzi wa aina nyingine, kama tulivyofanya kwa magofu. Hakuna aliyewahi kuuliza Husuni Kubwa inatoa gunia ngapi kwa ekari.

Rondo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, na hilo ni jambo jema. Litipo, Pindiro na misitu mingine ya huko kwetu nayo ni hifadhi kwenye karatasi kwa miaka mingi. Karatasi bila watu wanaojua thamani yake ni karatasi. Na watu wanajua thamani kutoka wapi? Hapo ndipo zamu yetu inapofika, walimu watarajiwa.

Wengi wetu tutapangiwa shule za kata, na baadhi mtalia mkisikia Lindi. Msilie. Nendeni na mambo matatu. Moja, fundisheni mageuko ya viumbe kwa Pemba na Unguja, kwa Rondo na Ngoye, kabla ya Galapagos. Ramani moja na kamba ya kupimia kina vinatosha, hakuhitaji maabara. Mbili, acheni kugawa somo. Jiografia inafundisha miamba, Baiolojia inafundisha viumbe, na mwanafunzi anadhani ni vitu viwili kama nyumba zilizogombana. Mwalimu wa Jiografia na wa Baiolojia wakae ofisi moja, wapange kipindi kimoja: udongo wa Kilwa asubuhi, ndege wa Rondo mchana. Tatu, waulizeni wazee majina ya ndege. Mimi nimelazimika kuandika hapa "yule wa kijani" na "yule wa madoa" kwa sababu vitabu vyetu vya Kiswahili ni vichache. Lakini Wamwera na Wamakonde na Wamatumbi wana majina, wawindaji na warina asali wanayo, na yanakufa pamoja nao. Mwanafunzi mmoja na daftari moja anaweza kuokoa majina hamsini kwa likizo moja.

Mifupa ya Tendaguru ilibebwa ikaenda, na leo tunabishana kama irudi au isirudi. Ubishi wa haki kabisa, na siku nyingine nitausemea. Lakini dinosaria walikuwa wameshakufa walipoondoka. Hawa wa Rondo wako hai, wanaimba, na hakuna Mjerumani anayewachukua. Tukiwapoteza hawa hatutakuwa na wa kumdai.

Basi wadau, mimi nimesema yangu. Walioko Lindi likizo hii, pandeni Rondo alfajiri mkae kimya nusu saa tu. Wanaopinga waje na hoja, wasije na mipasho. Wale wa Jiografia, tukutane maktaba jioni, nina ramani ya kina cha bahari ya Pemba na sijui kusoma rangi mbili za mwisho.

Tuko pamoja.